Nondo zilizopotelea kwenye desimali: kisa cha stoo ya vifaa vya ujenzi, West Nile

Majina, mji halisi na jina la programu vimeondolewa. Idadi za nondo zimebadilishwa kidogo, ila uwiano wake umebaki kama ulivyokuwa, kwa sababu kisa chote kimo ndani ya uwiano huo.

## Biashara yenyewe

Ni biashara ya familia katika mji wa mpakani, West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Inauza saruji, mabati, misumari, rangi na nondo. Wateja wengi huvuka kutoka upande wa Congo, na lugha ya dukani ni Kiswahili. Kwa miaka kadhaa ilikuwa na yadi moja tu ya jumla. Nondo zilifika kwa lori kutoka viwanda vya upande wa Jinja, ankara ikiwa kwa tani, nazo ziliuzwa kwa tani au nusu tani kwa makontrakta na wenye maduka madogo.

Programu ya kuendesha biashara (manunuzi, stoo, mauzo na hesabu pamoja) ilifungwa wakati huo wa yadi. Fundi aliyeifunga aliweka tani kuwa kizio cha msingi cha nondo, tarakimu mbili baada ya nukta. Hapo hakukosea: ankara ya kiwanda ilikuja kwa tani, mteja alinunua kwa tani, na 0.01 ya tani ni kilo 10, ambazo hakuna aliyezigombania.

Kisha likafunguliwa duka la rejareja sokoni. Fundi mwingine aliongeza kizio cha pili, pisi, ili keshia auze nondo mojamoja. Aliingiza ulinganisho wanaoutumia wafanyabiashara wenyewe kwa nondo za mita 12: tani moja ni pisi 211 za milimita 8, pisi 135 za milimita 10, pisi 94 za milimita 12, na pisi 53 za milimita 16. Namba hizo ni sahihi. Uzito wa nondo kwa mita, kwa kilo, hupatikana kwa kuzidisha kipenyo kwa kipenyo na kugawa kwa 162. Milimita 12 inatoa takriban kilo 0.89 kwa mita, yaani kama kilo 10.7 kwa nondo nzima.

Bei zikaingia, risiti zikatoka, na ankara za EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda), zikapata namba zake bila tatizo. Duka likaanza kazi.

## Yaliyotokea, kwa mpangilio

Mwisho wa Septemba, robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, stoo zilihesabiwa. Yadi ilikuwa sawa, tofauti ya nondo mbili tatu tu. Duka la sokoni lilileta picha hii ukilinganisha na kompyuta:

Milimita 8: pungufu 352.
Milimita 12: pungufu 75.
Milimita 16: zimezidi 23.
Milimita 10: tofauti ndogo, pungufu 9.

Mwenye biashara aliona 352 na 75. Mtunza stoo akaitwa mbele ya mhasibu. Maneno yake yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kisha yakasahaulika: "Hajji, kama ni mimi ninaiba, hizi za kumi na sita zinazidi vipi? Nani analeta nondo usiku?" Alijibiwa kwamba ziada ni makosa ya kuhesabu. Akanyang'anywa funguo, akahamishiwa kupakia saruji.

Siku hiyohiyo mhasibu alirekebisha stoo ya kompyuta ilingane na hesabu ya mkono. Upungufu na ziada vyote viliingizwa kwenye akaunti moja ya hasara ya stoo, kama kiasi kimoja cha fedha. Ziada ya milimita 16 ikamezwa na upungufu wa milimita 8, na kwenye ripoti ikabaki hasara tupu.

Mwisho wa Oktoba, funguo zikiwa mikononi mwa mpwa wa mwenye biashara, hesabu ilirudiwa. Milimita 8 zilipungua 118, milimita 12 zikapungua 26, na milimita 16 zikazidi 8. Karibu theluthi ya tofauti ya robo nzima, katika theluthi ya muda. Wizi hauendi kwa kipimo hicho, tena mikononi mwa mtu mwingine kabisa.

Fundi akaitwa. Alianza na mtuhumiwa wa kawaida: umeme. Duka hutumia betri na sola umeme ukikatika, na mashine ya keshia hufanya kazi bila mtandao kisha hutuma mauzo seva ikirudi. Ikiwa mauzo fulani hayakufika, stoo ya kompyuta isingeshuka. Alilinganisha idadi ya risiti kwenye mashine, ankara kwenye seva na namba za EFRIS za mwezi mzima. Zililingana zote, na jumla ya fedha ikalingana na benki na Mobile Money. Mtandao ukatolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Katikati ya Novemba aliona jambo la kweli lakini akalitibu vibaya. Alifungua leja ya nondo za milimita 8 na kukuta mistari mingi ya mauzo ambapo kilichotoka stoo kimeandikwa 0.00. Pisi moja kugawa kwa 211 ni tani 0.0047. Mfumo uliufupisha hadi tarakimu mbili, ukapata sifuri. Keshia ameuza, mteja ameondoka na nondo begani, fedha iko kwenye droo, na stoo ya kompyuta haijatikisika.

Saa tano asubuhi, duka likiwa limejaa, aliongeza tarakimu kutoka mbili hadi tatu kwenye mipangilio ya mfumo mzima. Mauzo yaliendelea.

Baada ya wiki mbili walihesabu tena, wakakuta hesabu imegeuka. Milimita 12 zilizokuwa zikipungua sasa zimezidi. Milimita 8 nazo zimezidi. Milimita 10, ambazo hazikuwa na kelele, zimeanza kupungua. Mwenye biashara aliuliza kama mwizi sasa ameanza kurudisha mali. Swali lilikuwa la mzaha, lakini ndilo lililomlazimu fundi kuchukua kikokotoo.

## Hesabu ya kosa

Hapa panahitaji utulivu, maana mtu akielewa sehemu hii haongopewi tena na ripoti ya stoo.

Mfumo huhifadhi stoo kwa kizio cha msingi. Keshia akiuza kwa kizio kingine, kila mstari wa risiti hubadilishwa kuwa tani, kisha hufupishwa, na kinachopandishwa ni kuanzia 5. Ufupisho hufanyika mstari kwa mstari, wala haungoji jumla ya siku. Kwa tarakimu mbili, nondo moja inapouzwa peke yake hutokea hivi:

Milimita 8 hutoa 0.00, kana kwamba hakuna kilichouzwa.
Milimita 10 hutoa 0.01, sawa na pisi 1.35.
Milimita 12 hutoa 0.01, sawa na pisi 0.94.
Milimita 16 hutoa 0.02, sawa na pisi 1.06.

Kompyuta ikitoa pungufu ya kilichouzwa, kitabuni hubaki nyingi kuliko sakafuni, nasi tunaita upungufu. Ikitoa zaidi, tunaita ziada. Alama ya kosa inategemea kipenyo tu, haimjui mwenye funguo.

Milimita 12 ni mbaya kwa namna ya pekee, kwa sababu hupungua kwa asilimia ileile 6 kuanzia mstari wa pisi 1 hadi 7. Ukifika pisi 8, tani 0.085 hupandishwa kuwa 0.09 na kosa hugeuka ziada. Mteja wa rejareja hununua mbili, nne, sita. Kwa hiyo makosa yalirundikana upande mmoja bila kufutana. Milimita 16 hufanya hivyohivyo kwa upande wa ziada, kuanzia pisi 1 hadi 4. Milimita 10 huyumba: pisi moja inazidisha, mbili zinapunguza, nne karibu sawa, tano zinazidisha, sita zinapunguza. Ndiyo maana zilionekana nzima. Zilikuwa gonjwa kama wenzake, ila homa yake ilipanda na kushuka.

Yadi haikuguswa kwa sababu kosa kubwa kabisa la ufupisho ni nusu ya hatua, yaani tani 0.005 kwa mstari. Mstari wa pisi 94 za milimita 12 haupotezi hata nusu nondo. Duka la mistari midogo mia tatu hupoteza mara mia tatu.

Na tarakimu tatu? Pisi moja ya milimita 8 sasa hutoa 0.005, sawa na pisi 1.055. Ya milimita 12 hutoa 0.011, sawa na pisi 1.034. Ya milimita 10 hutoa 0.007, sawa na pisi 0.945. Kosa lilipungua na kubadili upande. Mtu asiyejua angedhani mwizi mmoja ameondoka na mwingine ameingia.

Uthibitisho ulifanywa nje ya mfumo. Mistari yote ya mauzo ya Julai hadi Septemba ilitolewa kwenye Excel, idadi ya pisi ikiwa safu ya A, na kwa milimita 8 ikaandikwa:

=ROUND(A2/211,2)*211-A2

Jumla ya safu hiyo ilikuwa pungufu 346, dhidi ya 352 zilizohesabiwa. Kwa milimita 12 Excel ilisema pungufu 73 dhidi ya 75, na kwa milimita 16 ziada 23 dhidi ya 23. Katika nondo nane ambazo hesabu haikuzieleza, tano zilikatwa kutengeneza geti la duka lenyewe na hazikuandikwa. Tatu hazijulikani ziliko. Hiyo ndiyo ilikuwa hasara halisi ya robo nzima katika vipenyo hivyo: nondo tatu.

## Kwa nini bidhaa nyingine hazikulia

Swali hili liliulizwa kwa haki, kwa sababu misumari na rangi ziliwekwa na fundi yuleyule kwa mtindo uleule. Katoni ya misumari ni kilo 25, na duka huuza hadi robo kilo: 0.25 kugawa kwa 25 ni 0.01 kamili. Ndoo ya rangi ya lita 20 ikiuzwa kwa lita ni 0.05 kamili. Waya wa kufungia, rola la kilo 25, kilo moja ni 0.04 kamili. 20 na 25 huigawa 100 bila baki. 211, 94 na 53 haziigawi. Ilikuwa bahati, na ingekoma siku atakapopatikana muuzaji mwenye katoni ya kilo 18.

## Maamuzi na sababu zake

Njia mbili ziliwekwa mezani. Ya kwanza ni kuongeza tarakimu hadi tano au sita na kuacha tani kuwa msingi. Ni kazi ya dakika moja, na kosa la ufupisho lingeshuka hadi kutoonekana. Ya pili ni kufanya pisi kuwa msingi, namba kamili bila nukta. Hiyo ni kazi ya wikiendi nzima, kwa sababu mfumo huu, kama mingi mingine, hauruhusu kubadili kizio cha msingi cha bidhaa iliyokwisha kuwa na mienendo, yaani iliyokwisha kuingia na kutoka stoo.

Walichagua ya pili, na sababu yake ni ya chuma kabla ya kuwa ya kompyuta. Tani ya nondo haina pisi 94 kila mara. Kiwango cha Uingereza cha nondo, BS 4449, huruhusu uzito wa nondo iliyozidi milimita 8 kupishana na uzito uliokusudiwa kwa asilimia 4.5 juu au chini, na kwa nondo za milimita 8 au ndogo zaidi, kwa asilimia 6 juu au chini. Lori la tani 10 za milimita 12 laweza kushusha pisi zaidi au pungufu ya 940, kwa makumi, bila mtu yeyote kudanganya. Desimali hata kumi hazitibu hilo. Sakafuni kuna nondo zinazohesabika kwa vidole, na hakuna anayezipima kwa mizani wakati wa kuuza. Kizio cha msingi kifuate kile mikono inachokihesabu.

Ununuzi ukabaki kwa tani kwenye oda na ankara. Kinachopokelewa ni pisi zilizohesabiwa wakati wa kushusha, na bei ya pisi ni jumla ya ankara kabla ya VAT kugawa kwa pisi hizo.

Marekebisho yalifanywa Jumamosi jioni hadi Jumapili, kwa utaratibu huu. Nakala rudufu ilichukuliwa na kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inafunguka. Nakala ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu. Zoezi zima lilifanywa kwanza kwenye nakala hiyo. Ankara na oda zote zilizokuwa nusu zilikamilishwa au kufutwa, maana hati iliyobaki wazi huendelea kutafuta bidhaa ya zamani. Nondo zikahesabiwa na watu wawili wasioona namba za kompyuta. Bidhaa mpya nne zikafunguliwa kwa kizio cha pisi, stoo ya zamani ikashushwa hadi sifuri, na stoo mpya ikaingizwa kwa hesabu ya mkono na bei ya ununuzi wa mwisho. Bidhaa za zamani zilizimwa zisiuzike. Hazikufutwa, kwa sababu historia ya mauzo imefungwa kwao.

Nondo za kukata, ambazo mteja hutaka mita 6 au 4, zilipewa bidhaa yake kwa mita. Nondo nzima hutolewa stoo kwa hati ya kukata na kuingia upande wa pili kama mita 12. Bila hivyo, keshia angerudi kuuza pisi 0.5 na desimali zingeingia kwa mlango wa nyuma.

Upande wa URA kulikuwa na mtego. EFRIS hutunza orodha yake ya bidhaa, kila moja ikiwa na msimbo wa aina, kizio na stoo. Bidhaa mpya lazima isajiliwe huko na kuongezewa stoo kabla ya ankara ya kwanza, na stoo ya zamani ishushwe kwa kutaja sababu. Bidhaa tatu zilipita salama. Ya milimita 10 ilisajiliwa kwa kizio kisicholingana na cha mfumo, na Jumatatu asubuhi ankara mbili zikakataliwa. Zilirekebishwa kabla ya saa sita mchana, huku mteja wa Congo akisubiri na lori lake likiwa limewashwa.

## Hesabu za fedha

VAT haikuguswa. Kodi hiyo ya asilimia 18 hukokotolewa kwenye thamani ya mauzo, na mauzo yaliandikwa sawasawa kwa pisi na shilingi. Hakuna ritani iliyohitaji kurekebishwa. Hili lilisemwa mapema ili watu wasianze kugusa kitu kizima.

Kilichoharibika ni faida ghafi. Kila nondo ya milimita 8 iliyotoka kwa 0.00 ilikuwa na gharama sifuri, hivyo bei yake yote iliingia kama faida. Kwa miezi mitatu duka la sokoni lilionekana kufanya vizuri kuliko yadi, na mwenye biashara alikuwa amefurahi. Faida hiyo ya ajabu na hasara ile ya stoo zilikuwa fedha zilezile, zimeandikwa mara mbili mahali pawili. Baada ya marekebisho ya Septemba jumla ilikuwa karibu na ukweli, ila jina la akaunti lilikuwa la uongo. Mhasibu alihamisha kiasi hicho kutoka hasara ya stoo kwenda gharama ya bidhaa zilizouzwa, akaambatisha karatasi ya Excel. Jina lina uzito: ofisa wa kodi akikuta upungufu mkubwa wa stoo, swali lake la kwanza ni kama mali iliuzwa bila risiti.

## Kilichofaa na kilichoshindikana

Kulinganisha risiti, seva na EFRIS kabla ya kugusa mipangilio kulifaa sana. Saa chache zile zilifunga nusu ya milango ya uwongo. Kuthibitisha kwa Excel nje ya mfumo nako kulifaa, kwa sababu mfumo uliokosea haufai kuwa shahidi wa kosa lake mwenyewe.

Marekebisho ya Septemba yalikuwa kosa. Siyo kurekebisha kwenyewe, bali kurekebisha siku ileile, na kuchanganya ziada na upungufu kwenye akaunti moja. Zingewekwa kwenye akaunti mbili, mtu yeyote angeona ziada ya kudumu ya milimita 16 na kuuliza alichouliza mtunza stoo. Kubadili mipangilio ya mfumo mzima saa tano asubuhi bila nakala ya majaribio lilikuwa kosa kubwa zaidi, hata kama matokeo yake ndiyo yaliyofichua chanzo. Novemba sasa ina mistari ya tarakimu mbili na ya tarakimu tatu ndani ya leja moja, na kuitenganisha kulichukua siku nzima.

Kosa la mwanzo halina mtu wa kulaumiwa kwa urahisi. Mipangilio ilikuwa sahihi kwa yadi. Biashara ndiyo iliyohama, mipangilio ikabaki ilipokuwa. Fundi wa pili alipoongeza pisi, jaribio moja lingetosha: uza kiasi kidogo kabisa ambacho duka litawahi kuuza, kisha fungua leja usome kilichotoka. Na kipimo chake ni hiki: ili kosa la ufupisho lisizidi nusu ya asilimia, mauzo madogo kabisa, yakigeuzwa kuwa kizio cha msingi, yawe angalau mara 100 ya namba ndogo kabisa ambayo mfumo unaweza kuandika. Nondo moja ya milimita 8 ilikuwa 0.0047 dhidi ya 0.01. Haikufika hata mara moja.

Mtunza stoo alirudishiwa funguo wiki ya kwanza ya Desemba. Hesabu ya mwisho wa mwezi huo ilikuta tofauti ya nondo moja ya milimita 12, iliyopinda, nyuma ya mabati.